Supamaketi wanamwagia mikate jiki, na mlangoni wameandika "Tunajali Mazingira". Hii imekaaje?

Mwana wa Kisauni
Salaam waungwana. Nina jambo lanikereketa tangu Jumatano. Nilikuwa nimesimama nyuma ya supamaketi moja kubwa hapa Mombasa (jina nalibana, ila matawi yao ni mengi na nyote mushaingia) nangoja tuktuk, saa nne usiku hivi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa wakatoka vijana wawili na troli imejaa mikate ya silesi, maboflo, mtindi na keki za vikombe. Nikadhani kuna mahali vyapelekwa. Wapi! Wakaanza kupasua mkate mmoja mmoja watia kwenye pipa, lilipojaa mmoja akatoa chupa ya jiki akamimina juu, si kidogo, chupa nzima, kisha wakakoroga na mpini wa fagio. Paka akaja, akanusa, akaenda zake. Paka wa Mombasa huyo, asiyechagua! Mkate mmoja ulikuwa umeanguka chini nikauokota nikasoma tarehe, ilikuwa ya kesho yake. Na kule mbele wana bango la kijani limechorwa jani, Tunajali Mazingira na Jamii. Swali langu ni moja tu, jiki ya nini? Kama ni kutupa si watupe?

Binti Kuze
Astaghfirullah. Sisi nyumbani kipande cha mkate kikianguka nyanyangu akikiokota akakibusu akakiweka juu ya ukuta ndege wale. Eti jiki! Taja jina bana tujue tusiende.

Sanduku 80100
Asitaje, kesi za maneno ya mtandaoni hazichezewi. Na jibu lenyewe halina siri, wanaogopa kushtakiwa. Mtu aokote mtindi uliolala nje na joto hili letu, ale aharishe, kesho yuwaja na wakili. Jiki inafanya kitu kisiokoteke. Ni roho mbaya lakini ni roho mbaya ya wakili, si ya meneja.

Kijana wa Tudor
@Sanduku 80100 zii kaka. Mimi hizo kazi nimefanya miaka mitatu (si kwa hao, au labda ni hao). Jiki si ya chokoraa, jiki ni ya SISI. Meneja wa kwanza alikuwa muungwana, vitu vya kupitwa na tarehe akituachia tugawane mwisho wa shifti. Basi hapo vitu vikaanza kupitwa! Mtindi wa stroberi wajificha wenyewe nyuma ya freza, keki mpya zapangwa mbele za zamani nyuma, kinyume kabisa na tulivyofunzwa. Nilipeleka nyumbani chizi ya mia nane, mamangu akauliza hii sabuni ya wapi. Meneja wa pili akaja akahesabu miezi miwili, wa tatu akaleta jiki. Siwezi kumlaumu sana wallahi.

Binti Kuze
Kumbe wewe ndo uliyewakosesha watu mkate 😂

Daftari la Deni
Nyote mumekosea. Mleta uzi hebu kumbuka vizuri, zile karatasi za mkate zilitupwa pamoja na mkate au ziliwekwa kando?

Mwana wa Kisauni
Ee! Ziliwekwa kando, kwenye gunia. Tena yule mmoja alikuwa azinyoosha moja moja kama mtu ahesabu noti.

Daftari la Deni
Basi ndo hapo. Mkate mara nyingi supamaketi hainunui ikameza hasara, unawekwa pale kwa makubaliano, usipouzwa ni juu ya mwenye bekari. Niliwahi kuweka hesabu za bekari moja ndogo ya Changamwe. Kila asubuhi dereva alikuwa arudi na gunia la karatasi tupu, karatasi moja ni mkate mmoja, twazihesabu mezani twakata kwenye ankara. Mkate wenyewe hatuuoni. Sasa fikiria supamaketi wakigawa mkate na karatasi yake, hesabu itarudi vipi? Na wakigawa bila karatasi, mwenye bekari atasema mwanila mara mbili, hamulipi na mwanitolea sadaka kwa mali yangu. Ndo mana jiki. Yani lile pipa zima hasara si ya supamaketi, ni ya yule aliyeamka saa nane usiku kukanda unga. Halafu wataagiza mikate mia wauze sitini, rafu ijae ipendeze macho, kwani walipa wao?

Sanduku 80100
Na mtindi nao warudishwa kopo?

Daftari la Deni
Mtindi sijasema. Nimesema mkate.

Chumvi ya Mawe
Zikinyooshwa za nini kama ni za kuhesabiwa tu? Mimi nina wasiwasi na hilo gunia. Kuna watu hapa mjini wanauza vitu vyenye tarehe zilizobandikwa upya, hizo karatasi safi wazitoa wapi? Na inawezekana hiyo jiki ndo dawa ya hao hao, mwaga jiki hakuna atakayeupakia mkate ule tena. Kwa hiyo gunia laweza kuwa la mwizi na pipa likawa la mwaminifu, ama kinyume chake.

Mbara wa Nyali
Watu wangu tusizunguke. Supamaketi ndio zinatupa chakula kingi zaidi dunia nzima, hiyo inajulikana. Huko Ufaransa serikali ilichoka ikapiga marufuku.

Mwalimu Makupa
@Mbara wa Nyali nusu ya kwanza si kweli, nusu ya pili kweli. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (hawa makao yao ni hapo Gigiri, Nairobi) inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Majumbani 60%, mahoteli na mikahawa 28%, maduka 12%. Yani sufuria zetu za nyumbani zina dhambi mara tano ya rafu zao. Ufaransa ndio, sheria ya 2016, duka lenye ukubwa wa zaidi ya mita mraba 400 haliruhusiwi kuharibu makusudi chakula kinacholika, lazima liandikiane mkataba na watu wa misaada wakichukue. Na hiyo habari ya jiki ndo hasa iliyowakera, kwani huko nako wakimwagia vivyo hivyo.

Binti Kuze
Mwalimu usitutukanie sufuria. Kwetu hata ukoko wa pilau hugombaniwa.

Mwalimu Makupa
Nimesema dunia, sijasema Kuze.

Mama Kapu
Hamjambo wanangu. Nyinyi mwaongea mkate, mimi nina lao jengine. Tangu karatasi za nailoni zipigwe marufuku nimerudi kwenye kapu langu la ukili, miyaa tupu, nimelinunua Kongowea kwa mama mmoja wa Kwale, mishikio nimeizungushia kitambaa isinikate mkono. Nafika mlangoni askari aniambia mama kapu acha kaunta ya mizigo. Kwa nini? Eti naweza kuficha kitu. Haya nimeacha. Nimemaliza kununua, keshia aniuliza mfuko wa ngapi mama, wa kumi ama wa ishirini? Nikamwambia kapu langu liko kule kwenu lalala. Ikabidi nikumbatie mchele, sukari, mafuta na trei ya mayai kifuani mpaka kaunta, kama mtu aliyetoka kwenye nyumba yashika moto, watu wanitazama. Mara ya pili nikaona aibu nikanunua mfuko. Huo mfuko jina lao limejaa ubavu mzima, kwa hivyo nimelipa ishirini niwatangazie biashara mpaka Majengo. Sasa nyumbani ninayo kama thelathini, mmoja ndani ya mwengine, nyuma ya mlango wa jikoni. Mazingira gani hayo?

Kijana wa Tudor
Mama Kapu umeniua na hiyo trei ya mayai 😂😂 lakini kweli, askari waambiwa mfuko wowote kutoka nje usiingie. Mkoba wa mkononi wa madam wapita lakini, huo hauna uwezo wa kuficha kitu.

Mbara wa Nyali
Hiyo marufuku ya 2020 ilisaidia lakini. Mitaro ya Buxton ilikuwa imejaa jualla.

Sanduku 80100
Mifuko ilikuwa 2017 kaka, 28 Agosti. Faini milioni 2 mpaka 4 au jela mwaka mmoja mpaka minne. Nakumbuka wiki ile mtu wa mbogamboga akificha karatasi kama bangi. Ya 2020 ni nyengine, 5 Juni, plastiki za kutumia mara moja zisiingie mbuga za wanyama, misitu ya hifadhi na fukwe. Na "jualla" ni lenu la Nairobi, hapa ni karatasi.

Mbara wa Nyali
Karatasi ni ya kuandikia bro. Nimeishi Mombasa miaka tisa na bado hapo sijawaelewa.

Chumvi ya Mawe
Na ile mifuko wanayouza sasa, ile laini kama shuka, watu wanadhani ni kitambaa. Chukua kibiriti uchome ncha. Yayeyuka yadondoka. Ni plastiki ile ile, nyuzi za polipropilini zimebanwa pamoja zikawa kama kitambaa, ukiitumia mwaka mzima sawa, ukiitumia mara moja ukaitupa basi umetupa plastiki nene kuliko ile ya zamani. Mama Kapu hiyo thelathini yako usichome tu.

Fundi Baridi
Nilikuwa nasoma kimya. Mikate ni kitu cha macho, yaonekana ndo mana yauma. Mkitaka uchafu wenyewe wa supamaketi pandeni darini. Mimi ni fundi wa friji na dari nyingi za hapa na Kilifi nimezilalia kwa tumbo. Zile friji ndefu za wazi zisizo na mlango, za maziwa na juisi, ukisimama pale wahisi vidole vya miguu vyaganda, hiyo ni baridi yamwagika chini kama maji, na kompreza huku juu yakimbia usiku na mchana kwa joto na unyevu wa huku kwetu haipumziki hata dakika. Hiyo bado ni stima tu. Sasa gesi. Freza nyingi nilizoshika zina gesi ya kupozea iitwayo R404A, haina rangi, haina harufu, ikivuja hujui mpaka aiskrimu ianze kulegea. Kilo MOJA ikitoka hewani, ukihesabu kwa miaka 100, yapasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi. Mahali pamoja niliitwa mara nne mwaka mmoja kuongeza gesi, kilo kumi kumi. Nikamwita meneja nikamuonyesha, bomba la shaba limeliwa na chumvi pale kwenye kiungo, limefanya rangi ya kijani, ukipaka povu la sabuni lafura lapasuka lafura lapasuka. Nikamwambia tuzime siku moja tukate tuchomee upya. Akanambia nizime freza ya nyama Ijumaa ya mwisho wa mwezi? Weka gesi twende. Nikaweka gesi twende. Na kwao pia kuna bango lenye jani, wallahi najiuliza hilo jani ni la mti gani.

Mwalimu Makupa
Kilo 40 mara 3,922, hiyo ni karibu tani 157 kwa mwaka, kiungo kimoja cha bomba.

Sanduku 80100
Na wewe fundi uliweka.

Fundi Baridi
Niliweka. Nina watoto watatu na ada ya shule. Ningekataa angeitwa fundi mwengine ambaye hata hangepaka sabuni.

Mbara wa Nyali
Si waweke tu milango ya kioo kwa hizo friji?

Kijana wa Tudor
Tuliwahi kuwekewa tawi moja. Meneja akasema mauzo ya juisi yameshuka, mteja mvivu kuvuta mlango, ikatolewa. Kama ni kweli ama alikuwa amechoka na alama za vidole kwenye kioo, mimi sijui, aliyekuwa apanguza vile vioo ni mimi na nilifurahi.

Mchicha na Mnavu
Haya mazingira yote sawa lakini saplaya mwamsahau. Nilikuwa nawapelekea mboga supamaketi moja, sitaji. Mkataba siku 30. Siku ya 30 simu yalia yakatika, siku ya 60 mhasibu amesafiri, siku ya 90 nalipwa nusu na karatasi ya makato, makato ya ofa ambayo sikuulizwa, makato ya kuharibika, makato ya "kusaidia ufunguzi wa tawi jipya". Mimi muuza mchicha nasaidia kufungua tawi! Na mchicha ukinyauka mchana wanirudishia majani, mizizi imekatwa, nikaupe mbuzi. Nikarudi zangu Kongowea, mteja atanitukana lakini atanilipa hapo hapo.

Daftari la Deni
@Mchicha na Mnavu hayo yana sheria siku hizi, mwenye nguvu ya kununua haruhusiwi kumkandamiza muuzaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliipiga Majid Al Futtaim, hawa wanaoendesha Carrefour hapa Kenya, faini ya karibu shilingi bilioni 1.1, walalamishi walikuwa muuza asali mmoja na Pwani Oil, hawa wetu wa mafuta ya kupikia. Ilikuwa ni hayo hayo ya makato, bidhaa za bure tawi likifunguliwa, na saplaya kutakiwa alete wafanyikazi wake mwenyewe dukani. Yule kijana mwenye fulana ya kampuni ya unga akupangiae rafu, mara nyingi hata si wa supamaketi.

Mchicha na Mnavu
Pwani Oil wana mawakili. Mimi nina mkokoteni.

Chumvi ya Mawe
Na wakianguka je? Nakumatt ilipozama saplaya wangapi walibaki na ankara mkononi. Uchumi hivyo hivyo. Tuskys hivyo hivyo. Mimi bado ninayo ile kadi ya pointi ya Nakumatt, yenye ndovu, kwenye pochi.

Mbara wa Nyali
Nakumatt ni Nakuru Mattresses mnajua hiyo? Ilianza na magodoro.

Binti Kuze
Ndo mana walilala.

Mbuzi Kumi
😂😂 Binti Kuze punguza. Turudi kwenye pipa. Mimi niko Mtopanga nina mbuzi, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nachukua mikate ya jana kwa supamaketi moja, naenda na gunia langu kila Jumamosi, nawaachia kijana soda. Mbuzi walinenepa mpaka jirani akaniuliza nawapa nini. Siku moja naambiwa basi, hakuna tena. Nikaomba kuonana na meneja, hakunifukuza, alinionyesha kabisa kwenye kompyuta, makao makuu wana mahali pa kujaza kila kitu kilichotoka, kuna "kimeuzwa", kuna "kimerudishwa", kuna "kimeharibiwa", hakuna mahali pa mbuzi. Akanambia mzee nikijaza kimeharibiwa halafu kamera ikuonyeshe watoka nacho, kazi yangu imekwenda. Mimi naona ndo hiyo jiki, wala si wakili wala si wizi wala si bekari. Ni kompyuta.

Daftari la Deni
Na hiyo kompyuta nani aliiandika hivyo? Rudi kwa bekari utanikuta hapo.

Tanboi wa Lori
Mimi nimefanya lori la taka hapa kaunti kwa kontrakta. Zamani vyote vikimwagwa Kibarani pale ukitoka kisiwani, harufu yawakaribisha wageni, 2018 pakafungwa pakapandwa miti, sasa ni Mwakirunge. Niwaambie kitu. Watu wanaookota kule lori la supamaketi walijua hata kabla halijafungua nyuma, na la jiki pia wanalijua. Nimemuona mama mmoja achukua mkate wa jiki, aumenya. Yani atoa silesi za juu na za chini na kingo zote atupa, abaki na ule moyo wa kati ambao haujalowa, autia kwenye kopo lenye kifuniko. Hakuwa na haraka. Kwa hivyo hata hiyo jiki yenyewe si kwamba yafanya kazi.

Binti Kuze
Ya Allah.

Sanduku 80100
@Tanboi wa Lori hii imenitoa kwenye kesi na mawakili. Lakini sasa huoni ndo hatari yenyewe, angekula kingo?

Tanboi wa Lori
Sasa kaka mkate bila jiki angekula wote, tena wa leo. Hatari kaiweka nani?

Mwalimu Makupa
Na lile pipa likishatiwa jiki hata mboji halifai, hata mbuzi wa huyu bwana hafai, limekuwa taka moja kwa moja. Wangetenganisha tu mkate mkavu na vitu vya majimaji kama mtindi, mkate ungeenda mahali. Na mlangoni wana bango lenye jani.

Kijana wa Tudor
Ramadhani huwa wanagawa tende na unga Likoni, si vibaya. Wapiga picha ni wengi kuliko wapewaji lakini si vibaya.

Mwana wa Kisauni
Waungwana shukran, mumenifungua macho na mumenichanganya zaidi. Jana nimerudi pale makusudi nikanunua maji, nikamuuliza askari wa nyuma kwa upole, ami ile jiki ya nini. Kwanza aliniuliza wewe wa kanjo? Nikasema la, mpita njia. Akasema panya. Eti afisa wa afya alikuja mwaka jana akakuta panya kwenye pipa wakaandikiwa, tangu hapo amri ni jiki kila usiku. Nikamuuliza na gunia la karatasi? Akasema gunia gani.

Chumvi ya Mawe
"Gunia gani." Mimi nilisema.

Kijana wa Tudor
Panya wa Mombasa aogope jiki? Panya ambaye amekula waya wa kengele ya wezi? Hebu.

Fundi Baridi
Hilo la waya ni kweli, nimelitengeneza mimi.

Mwana wa Kisauni
Nyengine, nilisahau. Pipa sasa limetiwa kufuli. Kubwa, ya shaba.

Binti Kuze
Na jiki?

Mwana wa Kisauni
Harufu bado ipo.

Sanduku 80100
Sasa kufuli ya nini kama jiki ipo?

Kijana wa Tudor
Jiki ni ya walio nje, kufuli ni ya walio ndani. Niaminini.

Daftari la Deni
Ufunguo anao nani, meneja au dereva wa bekari? Mwana wa Kisauni ukirudi uliza hilo tu.

Mwana wa Kisauni
Sirudi mimi. Askari ashanijua sura.

Mbara wa Nyali
Mama Kapu, hilo kapu la ukili ni bei gani na ni upande gani Kongowea?

Mama Kapu
Upande wa nazi, Jumanne na Ijumaa asubuhi, mama mnene ana leso ya manjano. Bei sisemi, nenda kajifunze kupatana. Na ukifika supamaketi nalo unambie askari kakuambia nini.